Gobole la Baba Mkwe

Shambani, nyuma ya Kiberege
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu mpendwa Skola,

Shikamoo dada. Nakuamkia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, karatasi nimeilaza kwenye sinia, kwa hiyo usinicheke kwa mwandiko. Mguu wako unaendeleaje? Usiniambie umepona kama ulivyosema mwaka jana, halafu nikasikia kwa watu kwamba unatembelea fimbo. Macho ya Baba yakoje? Mama bado anagombana na kuku wa jirani? Na kahawa huko Mbinga imechanua, au mvua imewafanyia visa? Sisi huku ni wazima, namshukuru Mungu, na safari hii ninaposema namshukuru Mungu sijazi karatasi. Utaelewa mbele.

Watoto wako mjini, Lipangalala, kwa shangazi yake Deo, wanasoma. Mimi na Deo mume wangu tuko shambani tangu mvua zilipoanza, kama walivyo watu wa huku: msimu wa mpunga nyumba ya mjini inabaki na watoto na wazee, wenye nguvu wanahamia shamba mpaka mavuno. Mpunga umeshatoa masuke. Mwaka huu ni mzuri ajabu, umenifika kifuani, ndiyo maana kila mnyama wa bonde hili anautaka.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu ni moja na anakaa nayo Deo. Hapa ukitaka mtandao unapanda juu ya kichuguu, na ukiongea juu ya kichuguu mashamba yote yanakusikia. Nilijaribu mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza nilikuuliza habari za kahawa nikakata. Mara ya pili ukaniuliza mbona sauti yako iko hivyo, nikakudanganya kwamba ni mafua. Barua hii anakuletea mwalimu jirani yetu wa Lipangalala anayekwenda likizo Songea. Mshukuru sana, na usiisome mbele ya Mama.

Dada, nimeogopa wiki hii kuliko siku zote za maisha yangu. Bado naogopa. Ngoja nikusimulie tangu mwanzo.

Baba mkwe wangu, mzee Gaspari, alifariki mwaka juzi, na wewe hukuweza kuja kwa sababu ya huo mguu. Kwa hiyo hukuona siku tulipoondoa tanga. Katika ukoo wa Deo, siku hiyo marehemu hutafutiwa mtu wa kulichukua jina lake. Walimkalisha Deo kwenye mkeka, wakampaka unga kwenye paji la uso. Shangazi Perpetua, dada yake marehemu, akamvika koti la mzee, akampa jembe la mzee, mwisho akamwekea mapajani gobole la mzee. "Kuanzia leo wewe ndiye Gaspari," akamwambia. Kisha yule bibi mwenye mvi kichwa kizima akapiga goti mbele ya mume wangu: "Shikamoo baba." Tulicheka, tukalia, tukapiga vigelegele. Na mimi nilipiga, tena kwa sauti kuliko wote. Nakuambia hili ili usije ukadhani nilikuwa na akili tangu mwanzo.

Gobole lenyewe ukiliona utalidharau. Mbao yake imefungwa kwa waya na mtutu una kutu. Unalishindilia baruti mdomoni, unashindilia kitambaa, unashindilia vipande vya nondo, halafu unamwomba Mungu. Lakini mzee alikuwa nalo kihalali, na alilitunza. Alikuwa na leseni yake, ameihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo. Gobole alilifungia kwenye sanduku la chuma, ufunguo ukakaa kiunoni mwake mchana na usiku, na baruti aliiweka mbali, chumba kingine. Hakulishindilia mpaka amemwona mnyama mzima kwa macho yake, kichwa mpaka mkia. Deo alirithishwa gobole. Sanduku alipewa binamu yake, anawekea nguo.

Basi kwetu gobole likawa linakaa nyuma ya mlango, limeviringishwa kwenye mkeka. Tulipohamia shamba Deo alilifunga pamoja na fito na mipini ya majembe, tukapanda bodaboda, mimi nyuma nimelikumbatia. Tulipopita Kibaoni askari wawili walikuwa wamesimamisha gari. Nilisali rozari nzima kabla hatujawapita. Na hapa shambani akawa analiacha limeshindiliwa muda wote. Nikisema, ananijibu, "Nguruwe hangoji mtu ashindilie, mama. Ukimsubiri, utavuna majani." Nikawa napita mbali nalo, nikifagia nafagia kwa kuzunguka.

Mwezi uliopita, tukiwa tumerudi mjini kuwaona watoto, gari la matangazo likapita mitaani, na Jumapili katekista akayarudia baada ya misa. Kila mwenye silaha asiyoimiliki kihalali aisalimishe kwa hiari, polisi au kwa mtendaji. Hatashtakiwa. Muda wa msamaha ukiisha utaanza msako, na atakayekutwa nayo atapelekwa mahakamani, na hapo ni kifungo. Nilimtazama Deo. Yeye alikuwa anatazama paa la kanisa kama fundi anayetafuta panapovuja.

Nje nikamwambia, "Baba Vero, umesikia?"

"Hayo ni ya majambazi. Mimi leseni ninayo."

"Leseni ya marehemu."

"Leseni imeandikwa Gaspari. Mimi ni nani?"

"Wewe ni Deo."

"Kamwulize shangazi mimi ni nani."

Nikamwuliza kweli. Shangazi alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso. "Mama Vero," akasema, "unataka mume wako ampeleke baba yake polisi?" Watu hawa hawasemi uongo, dada. Wanaamini kabisa kwamba mtu akipewa jina amepewa na vyote vilivyoandikwa kwa jina hilo.

Tuliporudi shamba nikapata kisingizio cha kwenda kununua chumvi Kiberege, nikaingia ofisi ya mtendaji. Ni mwanamke kijana, mpole, ana miwani. Nikamwambia naulizia kwa niaba ya jirani yangu.

"Mwambie jirani yako," akasema, akinitazama kwa juu ya miwani, "leseni ya silaha ni ya mtu aliyepewa, si ya ukoo. Mwenyewe akifariki, familia inatakiwa kuikabidhi silaha polisi pamoja na hiyo leseni. Mrithi akiitaka, anaomba upya kwa jina lake mwenyewe. Maombi yanajadiliwa kuanzia hapa kijijini mpaka juu. Anachunguzwa kama ni mlevi, kama ni mgomvi, kama anajua kuitumia, na kama ana pa kuifungia. Bila hayo, hata iwe ya babu wa babu yake, anaimiliki kinyume cha sheria."

Nikamwuliza, huyo jirani akiogopa kuja je?

"Aogope muda ukishapita. Sasa hivi hana cha kuogopa." Halafu akavua miwani. "Na mwambie asije akaibeba mwenyewe kwenye bodaboda ikiwa imeshindiliwa, atajiua au ataua mtu njiani. Aje kwanza atuambie, tutafuata na polisi. Sawa, mama?"

Nilimsimulia Deo kila neno. Alikasirika, si kwa maneno ya sheria, bali kwa kuwa nilikwenda. "Umenitangaza ofisini!" Siku mbili tukawa tunazungumza kwa habari ya chumvi na maji tu. Na muda wa msamaha ulikuwa unakatika, zimebaki siku chache. Nikisikia pikipiki barabarani nasema ndio hao, wamekuja, watamchukua mbele yangu. Nilishawaza mpaka nguo za kumpelekea mahabusu.

Kumbe nilikuwa naogopa upande usio sahihi.

Jumanne alasiri nilimuaga Deo kwamba nashuka mtoni kufua. Yeye alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu tunapokaa kulinda mpunga. Njiani nikaona mlenda umechipua vizuri pale chini ya shamba letu. Nikaweka beseni la nguo njiani, nikaingia kwenye mpunga kuchuma. Sikurudi kumwambia. Nani anaaga kwenda kuchuma mboga shambani kwake mwenyewe? Nilikuwa nimevaa ile kanga ya kahawia, nimeinama, nachuma nasogea, nachuma nasogea, na mpunga unatikisika juu ya mgongo wangu.

Sijui kitu gani kilinifanya niinue macho. Kati ya masuke nikaliona dungu, na juu ya dungu mume wangu amepiga goti moja, na mdomo wa gobole unanitazama mimi. Sikuwa nimewahi kuliona gobole kwa upande ule, dada. Wanasema mtu wakati kama huo hukumbuka watoto wake, humkumbuka Mungu. Mimi nilikumbuka beseni, kwamba zile nguo bado sijazitia sabuni.

Nikasikia, ka! Basi. Hakuna kingine.

Nikamsikia Deo akitukana, matusi ambayo sikujua kama anayajua. Akaokota bonge la udongo mkavu, yale anayoyaweka juu kwa ajili ya ndege, akanirushia. Likanipiga begani. Nikatambaa kwa mikono na magoti mpaka nikatokea kwenye beseni langu. Na unajua nilifanya nini? Nilikwenda mtoni nikafua. Usiniulize kwa nini, maana hata mimi sijui. Nilifua zote, nikasuuza mara mbili, huku meno yananigongana na jua linawaka.

Niliporudi nilimkuta amekasirika na amefurahi kwa pamoja. "Leo nimemkosa nguruwe, mama, jike kubwa! Baruti imekula unyevu, ingekuwa kavu tungekula nyama wiki nzima." Mlenda ulikuwa bado umefungwa kwenye pindo la kanga yangu. Nikaupika. Akala na ugali, akasifia mboga, akaomba aongezewe.

Sikumwambia. Niliogopa kwamba nikimwambia atavunjika. Na niliogopa zaidi kwamba hatavunjika, atasema "pole, Mungu mkubwa," kisha atalishindilia upya. Hili la pili ndilo lililonifunga mdomo, kwa sababu kama angefanya hivyo nisingejua niishi naye vipi. Jumatano nzima nikawa kila nikiingia kwenye mpunga naimba nyimbo za kanisa kwa nguvu zangu zote, kanga nimejifunga kichwani ili nionekane. Deo akanitania kutoka juu, "Leo kwaya nzima imehamia shambani?" Nikacheka naye. Nilicheka huku machozi yananitoka, na kwa sababu nilikuwa nimeinama hakuyaona.

Alhamisi nikamkuta amekaa chini ya dungu, ameanika baruti juu ya kipande cha bati. Alikuwa ameutoa ule mzigo wa Jumanne kutoka mtutuni kwa waya. Vipande vya nondo vilikuwa pembeni kwenye kopo. Nikachungulia, nikavihesabu. Vilikuwa saba, kila kimoja kama punje ya hindi, na vilikuwa vyangu. Nikajisikia nikisema, bila kupanga:

"Baba Vero, yule nguruwe wa Jumanne alikuwa mimi."

Akacheka. "Acha masihara."

"Ulipiga goti la kushoto. Likalia ka. Ukatukana," nikamrudishia matusi yake yote, neno kwa neno, na unajua sijawahi kuyatamka. "Halafu ukarusha bonge la udongo." Nikashusha kanga begani nikamwonyesha alama.

Hakuwa anacheka tena. Aliitazama ile alama, akaitazama baruti, akaitazama alama tena. Akanyoosha mkono anishike bega, ukafika katikati akaurudisha, kama anaogopa kwamba na mkono wenyewe unaweza kufyatuka. "Ulisema unakwenda mtoni," akasema. "Otilia, si ulisema unakwenda mtoni?" Alirudia hayo mara nyingi sana. Kisha akachukua lile bati, akamwaga baruti yote kwenye jaruba, akaketi palepale kwenye tope.

Ijumaa asubuhi tuliacha gobole kibandani, tupu, tukaenda wote wawili kwa mtendaji. Njia nzima nilikuwa nawaza. Vipi kama msamaha ni mtego? Vipi kama amebadilishwa mtendaji, au polisi wana maneno yao? Alikuwepo yule yule wa miwani. Akanitazama, akamtazama Deo, akasema tu, "Huyu ndiye jirani?" Akapiga simu. Wakaja askari wawili pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, tukarudi nao shambani. Askari mkubwa aliliinua gobole akaligeuza mdomo chini, akaturudisha sote nyuma, akalichunguza kwanza hata baada ya kuambiwa ni tupu. Nikakumbuka mzee Gaspari alivyokuwa akifanya, hivyohivyo.

Wakaandika. "Jina?"

"Deogratias."

Askari akaishika leseni, akaisoma. "Hapa pana Gaspari. Gaspari ni nani?"

Deo akaitazama leseni mpaka mwenyekiti akakohoa. Nilidhani atasema, "Ni mimi," na hapo sijui tungeishia wapi.

"Ni baba yangu," akasema. "Alifariki."

Dada, tangu siku tulipoondoa tanga sikuwahi kumsikia Deo akitamka kwamba baba yake alifariki. Alilia pale mbele ya askari, mtu mzima mwenye ndevu, akalia kama msiba ni wa jana. Yule askari akampa pole, akangoja amalize, ndipo akamwandikia karatasi ya makabidhiano. Akamweleza kwamba akitaka silaha siku nyingine njia iko wazi, aombe kwa jina lake na awe na sanduku la kufuli. Deo akatikisa kichwa. Hawakumchukua. Mpaka gari lao lilipopotea nilikuwa bado nimeshika shati lake kwa nyuma.

Usidhani yamekwisha. Shangazi ameshapata habari. Ametuma ujumbe kwenye simu kwamba hatamwamkia tena Deo shikamoo, na kwamba ukoo utakaa baada ya mavuno kuulizana jina la mzee limetupwa wapi. Namwogopa yule bibi, na watoto wangu wanalala kwake. Nguruwe nao wameshajua, jana wamekula kona nzima ya shamba. Tunapiga madebe, tunachoma pilipili na mavi ya ng'ombe, tunapiga kelele hadi sauti zinakauka. Huenda tukavuna pungufu. Nikubali tu.

Nina ombi moja, na ulifanye leo. Mwulize shemeji ile bunduki ya marehemu babu yake iko wapi, nani ana karatasi yake, na kama ina kitu ndani. Usikubali akujibu kwa utani. Akikujibu kwa utani, msomee sehemu ya Jumanne.

Nisalimie Baba, mwambie nitamletea mchele mpya mwenyewe. Nisalimie Mama, mwambie mafua yamepona. Nisalimie shemeji yangu msimamizi wa kahawa na ubishi wake, mjomba fundi cherehani, mama mdogo wa kwaya, na binti yako anayesomea uuguzi, mwambie asome kwa bidii maana huku wanaumia watu. Bibi mzaa mama mpe shikamoo yangu karibu na sikio.

Lipo jambo nilitaka kuliacha, lakini nikiliacha utakuwa hujajua ninavyoishi. Tangu Ijumaa Deo amekuwa ananiita. Haniiti Mama Vero, ananiita jina langu, ambalo hajalitumia tangu tupate watoto. Nikiinama kuosha sufuria, "Otilia!" Nikiingia kwenye mpunga, "Otilia!" Naitika abee, anasema, "Basi." Hana shida nyingine. Jana nilikuwa nakunywa maji, nikachelewa kujibu, akashuka dungu bila ngazi, nikamkuta katikati ya mpunga anapapasa masuke kwa mikono miwili. Sasa hivi nimekaa nyuma ya kibanda kwenye kivuli, pale alipo hanioni.

Ameita. Ngoja niitike.

Mdogo wako,
Otilia